Kuku wa Jirani Walivyonona

Jina la Sumaku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, waliokuwa wakifika mlangoni mwa karakana yake ya makochi, wakasimama kumtazama, wakasahau kilichowaleta. Alikuwa anachota misumari midogo yenye vichwa bapa, anaitupia kinywani kama mtu anayetupia karanga, kisha anainama kazini. Ulimi uliuchagua msumari mmoja humo ndani, ukaugeuza, ukautoa midomoni kichwa kikiwa mbele. Nyundo yake nyembamba, yenye sumaku upande mmoja, ilikuja ikaunasa na kuondoka nao. Pigo moja la kuusimamisha, nyundo inageuzwa, pigo la pili la kuuzamisha. Wakati wote huo mkono wa kushoto umekivuta kitambaa na haukiachii. Kochi linataka mikono mitatu, binadamu anayo miwili, kwa hiyo mdomo huajiriwa.

Mjomba wake ndiye aliyemfundisha, naye mjomba alifundishwa na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka tena. Sumaku alikuwa hodari kumzidi mjomba. Kinywa kikiwa kimejaa misumari aliweza kubishana na mteja kuhusu rangi ya kitambaa, kumtania jirani anayepita, hata kuimba, yote hayo kwa pembe moja ya mdomo. Alidai hajawahi kumeza msumari hata mmoja. Mkewe alimsikia akidai hivyo, akaguna.

Mke huyo, ambaye Sumaku alimwita Bibie tangu siku za uchumba, alikuwa na ugomvi mmoja tu na mumewe, lakini aliutunza kama wengine wanavyotunza vyombo vya wageni.

"Fundi," alikuwa akisema, kwa kuwa hata nyumbani hakumwita vingine, "mdomo ni wa kula na kusema. Si kopo."

"Kopo haliwezi kugeuza msumari," Sumaku alijibu.

Hapo mazungumzo yaliishia, yakaanza tena baada ya siku chache pale pale yalipoachwa. Meza ya kulia chakula ilichakaa wakanunua nyingine, ugomvi ukabaki ule ule. Bibie alikula yamini kwamba hatakanyaga karakana mpaka mumewe aache kutia vyuma mdomoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, hakukanyaga. Binti yao wa pekee alizaliwa, akakua, akasoma, akaajiriwa, na mama bado hajui meza ya kazi ya baba iko upande gani wa mlango.

Kwa sababu hiyo hakuna aliyempelekea Sumaku chakula cha mchana, na mwenyewe hakukitaka. Kula maana yake kutema misumari, kusukutua, kula, kunawa, na kuanza upya. Na mkono ukishapata mwendo haupendi kukatishwa. Alishindia mkate mweupe na chai isiyo na maziwa, iliyokaa juu ya jiko la karakana tangu asubuhi ikichemka hadi ikawa nyeusi. Watu wa namna hii hujisifu kwamba hawana shida na chakula. Miili yao haijisifu, ila huchelewa kulalamika.

Kidonda cha kwanza kilitokea ndani ya mdomo wa chini, kidogo kama punje ya dengu, cheupe katikati na pembeni chekundu. Sumaku alidhani amejichoma. Kilipona. Vikaja viwili chini ya ulimi, navyo vikapona, kwa uvivu. Baada ya hapo vilikuja kama wageni wa harusi: mmoja hutangulia kuulizia njia, kisha ukoo mzima unashuka. Vilikaa shavuni, kwenye fizi, na kimoja kilichagua ncha ya ulimi, ile ile iliyokuwa ikigeuza misumari.

Vilichagua pia wakati wao. Binti alikuwa amepata nyumba yake ya kwanza, na baba alikuwa amemwahidi kochi. Si kochi la kawaida. Alimwahidi kochi ambalo halitaguswa na pini hata moja ya mashine, kochi la misumari na nyundo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichoweza kufanya duniani kuliko watu wengine, na alitaka mtoto wake awe anakikalia. Fremu ilikuwa tayari. Ilisimama katikati ya karakana mbavu nje, ikingoja mdomo wa fundi upone.

Upande wa pili wa karakana, kwenye cherehani, alikaa shemeji yake, mdogo wake Bibie, mshonaji mzuri ambaye ulimi wake ulikwenda sambamba na sindano. Kwa shemeji huyu hapakuwa na ugonjwa usio na dawa, na dawa zote alizijua.

"Sukutua maji ya chumvi," akasema. "Yawe na chumvi hasa, si ya kubembeleza."

Sumaku alisukutua, akaona nyota mchana.

"Basi asali. Basi karafuu. Basi usiongee."

La mwisho lilikuja lenyewe. Mtu aliyekuwa akiimba na misumari kumi mdomoni sasa alishindwa kusema "karibu" na mdomo mtupu. Wateja wakaanza kuzungumza na shemeji, na shemeji, ambaye maisha yake yote alikuwa akiingojea nafasi hiyo, hakuwanyima.

Nyumbani Bibie alisema neno moja tu. "Nilisema."

Sumaku alivumilia, akajikaza kiume, akavumilia tena. Asubuhi moja alisukuma kikombe pembeni akasema, akipima kila neno kabla ya kulitoa, "Haya. Naacha misumari. Vidonda vikipona, umeshinda wewe. Visipopona, sitaki kusikia habari ya misumari mpaka siku ya kuzikwa."

"Vitapona," Bibie akasema, na hakuficha furaha yake.

Nyundo ikapanda rafu. Ikaletwa mashine ya kupiga pini na mtungi wake wa upepo, ambao ulinguruma karakana nzima hata shemeji akalazimika kupaza sauti, jambo ambalo majirani walilisikitikia. Sumaku alipiga pini shingo upande. Kazi za wateja zilitoka, tena kwa haraka. Kochi la binti halikuguswa. Mashine asingeiruhusu, na mdomo haukuwa wake tena.

Bibie naye hakukaa bure. Alitaka mumewe apone kwa sababu alikuwa mumewe, na alitaka apone kwa sababu alitaka kushinda, na mtu akiwa na sababu mbili hufanya kazi ya watu wawili. Kila kilichokuwa na ukali alikiondoa mezani. Machungwa, ambayo Sumaku aliyapenda kuliko peremende, yalikuwa ya kwanza kufukuzwa, kwa kuwa yalimtoa machozi. Ikafuata nyama, maana kutafuna ni kujikwaruza. Punje na nyuzi zilizobaki chunguni zilikuwa zikinasa vidondani.

"Nichujie," Sumaku alimwomba, mkono ukiwa shavuni. "Vyote. Nichujie tu."

Katika vitambaa vilivyokuwa vikirudi nyumbani kutoka karakana palikuwa na kipande kizuri cha marikani, kile kitambaa kigumu cha rangi ya maziwa kinachowekwa ndani ya kochi mahali pasipoonekana. Bibie alikipinda ncha, akakifanya chujio. Alichemsha maharagwe hadi yakavunjika, akayamimina katika marikani, akakamua, akampa mumewe maji yake. Mboga za majani vivyo hivyo. Maini, siku yalipopatikana, aliyasaga, akayachemsha, akayakamua. Alikamua kwa nguvu za mikono yote miwili, vidole vikawa vyekundu kwa moto na kusokota, na kilichoshuka bakulini kilikuwa laini kama maji ya kunawa. Pamoja na hayo alimpikia uji mweupe, laini, usio na doa. Sumaku alikunywa na kushukuru. Mwanamume aliyeoa miaka mingi akapikiwa hivyo ana haki ya kushukuru.

Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa Bibie aliyamwaga kwenye beseni nje ya mlango wa jikoni. Kuku wa jirani waliyagundua siku ya kwanza. Siku ya pili walikuja kabla hayajamwagwa.

Mwanzoni vidonda vilipungua, na Bibie alitembea nyumbani kwa maringo kidogo. Halafu vikarudi, vyote, na vya ziada. Sasa hakuna msumari wa kulaumiwa, na Sumaku alianza kumtazama mkewe kwa jicho la mtu anayeliona dau lake likielekea nyumbani. Ila hakuwa na nguvu za kufurahi. Alikuwa amepauka. Kunyanyua fremu kulimwacha akihema kama aliyefukuzwa, na akishuka ngazi za duka la vitambaa alishika ukuta.

Kilichomshtua shemeji hakikuwa vidonda. Katika kazi yao kuna jambo moja ambalo fundi hafanyi: hakai kwenye kochi la mteja. Atakaa kwenye kreti, kwenye debe, kwenye sakafu. Kochi ni la mwenyewe, na fundi akilikalia mbele ya watu ni kama mpishi aliyelamba mwiko wa harusi. Siku moja shemeji aligeuka kutoka kwenye cherehani akamwona Sumaku amekaa kwenye kochi la mteja, mchana kweupe, mlango wazi, macho amefumba. Kesho yake akamkuta amekaa kwenye fremu tupu ya kochi la binti, juu ya mbao, kama hajali.

Shemeji alizima cherehani. "Inuka, shemeji. Twende hospitali."

Sumaku alitikisa kichwa.

"Basi nitamwambia dada kwamba unakalia makochi ya watu."

Sumaku akainuka.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani na kiti kilichopasuka, sponji likichungulia pembeni. Sumaku alikitazama kiti hicho zaidi ya alivyomtazama daktari. Shemeji alijiteua kuwa mkalimani, kwa kuwa maneno ya mgonjwa yalitoka yamevimba.

"Mchana huwa unakula nini?" daktari akauliza.

Sumaku alinung'unika kitu.

"Anasema misumari," shemeji akatafsiri.

Daktari alivua miwani. Ikabidi aelezwe habari nzima ya misumari, nyundo, mjomba na yamini, na shemeji aliieleza kwa urefu unaostahili. Daktari alisikiliza hadi mwisho, jambo lililompandisha sana hadhi machoni mwa msimuliaji. Kisha akamtaka Sumaku afumbue kinywa. Alitazama ulimi, ambao ulikuwa mwekundu na umekwisha vinyweleo kama mahameli iliyokaliwa sana. Alivuta chini kope la jicho akatazama ndani, palipokuwa peupe kuliko inavyotakiwa.

"Na sasa, tangu uache misumari, nyumbani unakula nini?"

"Dada anamchujia," shemeji akasema. "Kila kitu kinapita kwenye kitambaa. Yeye anakunywa maji, machicha yanakwenda kwa kuku wa jirani. Ungewaona, daktari, kuku wale. Jogoo hawezi kupanda kizingiti kwa mara moja."

Daktari hakucheka. Aliandika kipimo cha damu na kuwaambia warudi.

Waliporudi, majibu yalikuwa mezani. Upungufu wa damu, akasema. Madini ya chuma yako chini sana, asidi ya foliki iko chini, vitamini B12 iko chini. Ngozi ya ndani ya kinywa hujijenga upya kila wakati, na mwili usipokuwa na vitu hivyo hujenga ovyo, vidonda haviishi.

"Chuma?" Sumaku akauliza. Lilikuwa neno la kwanza alilolitamka vizuri siku hiyo.

Shemeji alicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni. "Mtu aliyeshinda na chuma mdomoni tangu ujana wake."

"Cha misumari hakiingii kwenye damu," daktari akasema. "Na tushukuru hakikuingia popote. Misumari nayo nakukataza, nisikilize vizuri. Inakwaruza, na mdomo wenye upungufu ukikwaruzwa tu, hapo hapo kidonda. Ipo siku pia ungemeza, au ungevuta mmoja mapafuni. Lakini umeiacha na vidonda vipo, kwa hiyo haikuwa misumari peke yake. Ulianza na miaka ya kushindia chai na mkate. Chai kali ikinywewa pamoja na chakula inakizuia chuma kuingia mwilini. Ukaumwa. Ukaacha nyama, ukaacha matunda, na vingine vyote ukachujiwa. Kile ulichokuwa unakihitaji kilibaki kwenye kitambaa." Akavaa miwani. "Anayekupikia aliambiwa nini?"

"Nilimwambia achuje," Sumaku akasema.

"Basi mwambie asichuje."

Alipewa sindano na vidonge, na kipimo kingine cha kuangalia kama tumbo lake linapokea chakula inavyopaswa. Wakatoka.

Njiani Sumaku alitembea polepole, na haikuwa kwa sababu ya kuhema. Ilikuwa imemjia akilini kwamba ameshinda. Misumari imeachwa, vidonda vimebaki, dau liko wazi. Alichotakiwa kufanya ni kufika nyumbani na kusema, na Bibie asingetamka neno msumari maisha yake yote. Alikuwa ameingojea siku hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tatizo lilikuwa kwamba sentensi ya ushindi ilikuwa na mkia, na mkia wake ulikuwa ile mikono miwili juu ya bakuli, ikikamua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shemeji akasema, si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kutoboa kimya chochote anachokiona.

Sumaku akasimama katikati ya njia. "Umesema nini?"

"Methali tu."

"Methali hiyo ni ya maadui. Dada yako si adui yangu."

"Sikusema ni adui."

"Hutasema lolote. Nitasema mimi, na wewe utafyata ulimi. Ukimwambia neno moja la machicha, cherehani utaihamishia barabarani."

Shemeji aliapa. Kwa uso wake ulivyokaza tangu hapo hadi nyumbani, ungedhani ni yeye sasa aliyebeba misumari.

Bibie alikuwa amekwisha andaa. Bakuli la supu nyeupe lilikuwa mezani limefunikwa, na marikani imeanikwa dirishani ikidondosha maji. Hakuuliza mpaka wote wawili wakae.

"Daktari amesemaje?"

Sumaku alilivuta bakuli karibu. "Amesema misumari. Amenikataza. Ulisema kweli."

Bibie alikuwa ameiandalia sentensi hiyo majibu mengi kwa miaka mingi, mengine makali, mengine mazuri kabisa, na sasa ilipofika aliona hana haja nalo hata moja. Alimtazama mumewe, aliyeinamisha kichwa kwa upole asiokuwa nao. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa akichunguza dari.

"Na wewe umepatwa na nini? Una misumari mdomoni?"

Shemeji alitikisa kichwa, midomo imefungwa.

Bibie akarudi kwa mumewe. "Amesema nini tena, Fundi?"

"Amesema nile."

"Si unakula?"

"Nile maharagwe."

"Si unakula maharagwe?"

"Yenyewe. Si maji yake. Na mboga za majani, na maini, na mayai, na samaki. Machungwa pia, vidonda vikipona. Na chai niitenge na chakula."

Bibie alisikiliza orodha ile kama mtu anayesomewa majina ya watoto wake mwenyewe. Kila kilichotajwa alikuwa amekinunua, amekichemsha, amekishika kwa mikono yake. Nje, kwa kuwa saa yao ilikuwa imefika, kuku wa jirani walianza kudonoa beseni tupu. Aligeuka akawatazama. Manyoya yao yalimeta. Jogoo alijaribu kupanda kizingiti, akateleza, akajaribu tena, akafika juu akitweta kwa shibe. Ndani, mkono wa mumewe ulikuwa umelala juu ya meza, na kucha zake zilikuwa nyeupe.

Hakuna aliyemwambia. Shemeji alitimiza ahadi yake, na siku zote baadaye alidai asifiwe kwa hilo. Kuku ndio waliosema.

"Kumbe nimekuwa nikilisha kuku," Bibie akasema.

"Mimi ndiye niliyekuomba uchuje."

"Ungeniomba sumu ningekupa?"

"Ungeichuja kwanza," Sumaku akasema.

Bibie alicheka kabla hajajizuia, kisha akalia, na alilia kweli, mbele ya mdogo wake, bila kujifunika. Aliona aibu. Alikuwa amempenda mtu huyu kwa bidii, na bidii ndiyo iliyomkausha. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi Sumaku hakukumbuka kwamba mdomo unamuuma. Alisogeza kiti akakaa upande wa mkewe.

Bibie alijifuta. "Kwa hiyo dau umeshinda."

"Hakuna aliyeshinda. Misumari amenikataza."

"Amekukataza kweli, au unanisitiri?"

"Amemkataza kweli, dada," shemeji akaropoka, "hilo ni la kweli kabisa, muulize daktari mwenyewe, na yale mengine sijayasema mimi."

Tangu siku hiyo beseni la mlangoni lilikaa tupu. Kuku walikuja kwa siku kadhaa, wakasimama, wakatazamana. Jirani alifika kuuliza kwa adabu kama kuna ugomvi ambao hakuambiwa. Sumaku alikula maharagwe mazima, mwanzoni kwa machozi, akageukia upande wenye vidonda vichache, akisimamiwa na mkewe kama mtoto. Alichomwa sindano. Alimeza vidonge. Rangi ilirudi kwanza machoni, halafu pumzi, na vidonda vilikuwa vya mwisho, vikaondoka kama vilivyokuja, ukoo kwanza na mmoja akabaki nyuma kufunga mlango.

Lilibaki kochi la binti. Alikuwa ameahidi kwamba mashine haitaligusa, na mdomo ulikuwa umekatazwa. Sumaku alijaribu kupanga misumari kwenye sahani. Kila alipoinama kuchukua mmoja, mkono wa kushoto ulilegea na kitambaa kikapanda na mikunjo. Alijaribu kumwita shemeji amshikie, lakini shemeji hakuweza kushika kitu na kusimulia kwa pamoja. Alikuwa amevua kitambaa kwa mara ya tatu, amekaa kwenye kreti akikitazama, kivuli kilipoingia mlangoni.

Bibie alisimama kizingitini. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama anayehakikisha jambo aliloambiwa zamani. Meza ya kazi ilikuwa kushoto. Mkononi alikuwa na bakuli lenye mfuniko, na kwapani kifurushi.

"Mchana unakula," akasema.

Sumaku alikula: maharagwe, mboga, yai. Shemeji alikula pia, ingawa hakualikwa. Bibie alinawa mikono, akavuta kreti, akakaa ubavuni mwa kochi.

"Nipe hilo kopo la misumari."

Msumari wa kwanza alimpa kinyume, ncha mbele. Wa pili ulimchoma, akatia kidole mdomoni.

"Mdomo ni wa kula na kusema," Sumaku akamkumbusha.

"Fanya kazi, Fundi."

Akajifunza. Aliushika msumari kwa vidole viwili, kichwa nje, usawa ule ule ambao mdomo wa mumewe ulikuwa ukikaa, na nyundo ilikuja ikauchukua. Pigo la kusimamisha, pigo la kuzamisha. Ulikuwa mwendo wa polepole kuliko ule wa zamani, lakini kitambaa hakikulegea. Shemeji alizima cherehani akawatazama.

Walipolipindua kochi kufunga chini, Bibie alifungua kifurushi. Ilikuwa ile marikani, imefuliwa na kupigwa pasi, na bado ina vivuli vya kijani na kahawia ambavyo sabuni haikuviweza.

"Hiki nacho kirudi kazini kwake."

"Ina madoa. Binti ataona."

"Yatakuwa chini. Nani hupindua kochi?"

Sumaku aliitandika, akaivuta, ikatosha. Alianzia pembeni. Bibie alitoa msumari, nyundo ikauchukua, akatoa mwingine. Karibu na mwisho mkono wa Sumaku ulipata mwendo wake wa zamani, na mwili ukasahau: aliinama, jicho kwenye kitambaa, na midomo ikafunguka yenyewe kungoja.

Bibie aliiona midomo ile. Aliweka kopo chini, akachukua kutoka kwenye mfuniko wa bakuli chungwa alilokuwa amelimenya, akatenga kipande, akakitia humo.

Sumaku alifumba macho akikaza mabega, akiungoja uchungu. Haukuja. Alitafuna hadi mwisho, akameza, akabaki ameinama pale kwa kitambo, akiwa na utamu tu mdomoni.

"Kingine," akasema, na nyundo alikuwa ameiweka chini.